Zifute Herufi Mbili Mbele ya Jina Langu

Rubondo, Nakivale
Jumapili, saa tisa na nusu mchana

Konsolata mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Misiera kuaga rafiki zako, na nimekusikia ukicheka mpaka ulipopita bomba la maji. Nina muda hadi jua lishuke. Nimekaa kwenye kitanda chako, kwa kuwa meza yangu imejaa sufuria za majirani watakaokuja jioni kukuombea safari njema. Karatasi nimeiweka juu ya kipande cha ubao, magotini. Mkono unatetemeka, utanisamehe. Umezoea kuona mwandiko wangu ukiwa mzuri kuliko wa mtu yeyote hapa kambini, na leo utajua ulitoka wapi.

Sitakuambia uvae sweta kwenye gari, wala ule kabla ya safari, wala usali. Hayo umeambiwa tangu juzi mpaka umechoka. Mimi nina jambo moja tu. Nisipolisema leo, keshokutwa litasemwa na mtu mwingine mbele ya macho yako, na mimi sitakuwepo.

Kesho unapanda gari Rwekubo. Keshokutwa asubuhi unaingia kule Mbarara kwenye chumba cha watu watatu wanaochagua watoto wa wakimbizi wa kupelekwa chuo kikuu. Jana tukiwa tunakula uliniambia, na uso wako uking'aa, "Papa, mumoja wao ni Muzaire, Prof Lisimo! Alifundishaka kwenye chuo yenu! Nitamwambia mimi njo mutoto ya Sete Anastazi, atafurahi mingi." Nikapaliwa na ugali. Ukanipiga mgongoni huku ukicheka, ukadhani ni furaha.

Konso, mimi sikuwa Sete. Sikuwa hata Assi. Mimi nilikuwa mtu wa kupaka rangi vibao vya milango.

Nimeandika. Sasa siwezi kurudi nyuma, na karatasi nyingine sina.

Pale chuoni hakuna aliyekuwa na subira ya kutaja cheo kizima. Mwalimu wa ngazi ya chini kabisa, yule asistan, aliitwa Assi. Aliyemaliza uasistan lakini hajafika uprofesa aliitwa kwa Kifaransa chef de travaux, na mlangoni iliandikwa C.T., basi watu wote, hadi wapishi wa bweni, walimwita Sete. Juu yake alikuwa Prof. Na juu kabisa, yule asiyeulizwa kitu na mtu, profesa kamili mwenye herufi P.O., aliitwa Peo. Maneno hayo mafupi nimekufundisha mimi mwenyewe ukiwa mdogo, hapa hapa Rubondo, nawe ukawa unawapa kuku wetu vyeo. Yule jogoo mweupe alikuwa Peo. Nilicheka nawe, na ndani nikawa nakufa kwa aibu.

Nilikuwa na chumba chini ya ngazi, chenye makopo ya rangi, tapentaini na brashi saba. Kila mlango ulikuwa na kibao cha mbao chenye jina la mwenye ofisi kwa herufi nyeusi, na mbele ya jina herufi za cheo. Mtu akipanda, nilikwangua herufi za zamani kwa wembe na kupaka mpya. Tulikuwa na mazoea yetu. Aliyepanda cheo alikuja kwangu kwanza, kabla hata ya kumwambia mke wake, na chupa ya bia au kipande cha samaki, tukaita kulowesha brashi. Ambaye hakulowesha, kibao chake kilichelewa, na sababu nilizitafuta mimi. Niliwaona watu wakigeuka mbele ya macho yangu. Bwana mmoja alipokuwa Assi aliniita kaka Anastazi. Alipofika Sete nikawa Anastazi. Alipofika Prof nikawa weye. Siku niliyompakia Peo aligonga tu ukuta kwa funguo ili nigeuke. Nilimchukia sana, na usiku nikiwa peke yangu nilikuwa nachora jina langu kwenye kipande cha ubao na kuweka C.T. mbele yake, kuona lingependezaje. Lilipendeza.

Wewe na mama yako wakati huo mlikuwa milimani kwa bibi, mbali sana na mimi. Nilikuja likizo mara mbili kwa mwaka. Utakumbuka ulivyokuwa unaweka pua kwenye shati langu na kuuliza ile harufu ni ya nini, nami nikakuambia ni dawa ya maabara. Ulikuwa na miaka minne au mitano. Uongo wangu wa kwanza kwako ulikuwa mdogo hivyo, na hakuna aliyedai maelezo.

Sasa nikuambie habari za Lisimo, kwa sababu ndiye atakayekaa mbele yako. Alipokuwa Assi alikula maharagwe nami chini ya ngazi, sahani moja. Alipokuwa Sete aliendelea kuniita kaka, na alipokuwa Prof vilevile. Ni mtu mwema, Konso, na wema wake ndio unaonitisha. Mwaka mmoja Assi mwingine alikuja kulowesha brashi kabla ya wakubwa kukaa na kuamua cheo chake. Akasema ni jambo la wiki moja tu, nimpakie mapema. Alileta bia mbili. Nikampakia. Akaanza kutia sahihi karatasi za mitihani kama Sete. Lisimo alipogundua aliwaita wanafunzi wote kwenye ujia, akamsimamisha yule bwana kando ya mlango wake, akaniambia nikwangue. Nilikwangua, wembe ukilia kwenye ubao. Yule bwana hakuonekana tena pale chuoni. Jioni Lisimo alikuja chini ya ngazi akaniambia, "Kaka Anastazi, mutu akikosa akili, mimi nitamufundisha. Mutu wa kudanganya juu ya cheo, sitamupa karatasi ata moja, mupaka nife."

Huyo ndiye unayetaka kumwambia kwamba wewe ni binti wa Sete Anastazi.

Utauliza iliingiaje. Nimejiuliza pia, na kila mara nafika kwenye kiti kimoja cha mbao. Tulipofukuzwa Zaire, mimi, mama yako na wewe, tulifika hapa tukiwa tumelala njiani siku nyingi na kutukanwa kila kizuizi. Kwenye kuandikishwa, karani Mganda hakuinua hata macho. Mbele yetu alikuwepo mwalimu mmoja wa sekondari, na karani akamwamkia vizuri. Ilipofika zamu yangu akauliza, "Wewe nafanya kazi gani uko Zaire?" Nikasema chuo kikuu. Hilo lilikuwa kweli. Akauliza, "Kufagia ama kufundisha?" Na watu waliokuwa nyuma yangu wakacheka. Mama yako alikuwa amekubeba, nilimwona akiangalia chini. Nikasema, "C.T." Akauliza hiyo ni kitu gani. Nikamwambia ni chini kidogo ya profesa. Karani akasimama, Konso. Akasimama, akachukua kiti chake mwenyewe akakipangusa, akasema, "Karibu, bwana, ssebo, kaa hapa." Tangu mpakani hakuna mtu aliyekuwa ametuambia tukae. Nikakaa. Na tangu siku ile sijainuka.

Mama yako alingoja mpaka tulipopewa kiwanja. Akaniambia, "Anastazi, kiti ile utalipa na kitu gani?" Nikamwambia aache, ni neno tu, halimdhuru mtu. Kabla hajafa aliniambia nikueleze ungali mdogo, kwa sababu mtoto mdogo husamehe upesi. Nikamwahidi. Ulikuwa na miaka kumi na miwili tulipomzika, na nilisema nitasubiri umalize kulia.

Sasa nafika kwa Mwalimu Fideli. Nimeiacha kalamu mara mbili kabla ya sentensi hii.

Unamfahamu Fideli kama mfyatua matofali wa kule bondeni, anayeshika kikombe kwa mikono miwili. Ukiwa darasa la nne alikuwa mwalimu wako, ulimpenda, ulirudi nyumbani ukiiga anavyosema hesabu. Halafu akaacha kufundisha, na uliponiuliza kwa nini mikono yake imekuwa vile, nilikuambia ni pombe. Ulisikitika, kisha ukaanza kumcheka na wenzako. Niliwasikia mkimwimbia njiani. Sikukukataza.

Fideli hakuwahi kunywa. Alipata habari kwamba shule moja ya sekondari kule Mbarara inatafuta mwalimu wa hesabu. Alikuwa amesoma chuo kingine miaka miwili kweli, lakini karatasi zake zilibaki Zaire. Akaja kwangu na jogoo. "Sete, uniandikie tu kama nilikuwa mwanafunzi yako." Ningemwambia. Ilikuwa nafasi nzuri, tulikuwa wawili tu, angecheka na angenitunzia siri. Badala yake nikapenda jinsi alivyosimama, kofia mkononi. Niliandika barua nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika, nikatia sahihi C.T., nikala jogoo.

Mkuu wa shule akaandika Zaire kuuliza. Jibu likarudi kwamba hawajapata kuwa na C.T. wa jina hilo. Fideli alikuwa ameshafundisha muhula mzima, wanafunzi walimpenda. Askari wakamchukua darasani, chaki mkononi, kwa kosa la kughushi. Wakidhani jina ni la kubuni, walimpiga kwenye vidole wamuulize nani hasa aliyemwandikia. Hakusema.

Nilikwenda, mwanangu. Nataka ujue kwamba nilikwenda. Nilifika kituoni Mbarara nikiwa na sentensi moja tu kichwani, kwamba barua ni yangu. Askari wa mapokezi akaniuliza, "Wewe nani ya huyu?" Nikasema, "Jirani." Akasema, "Ile mutu naandika hii barua, wewe najua yeye?" Nikasema, "Hapana, afande." Akasema, "Basi kwenda." Nikaenda. Njia nzima ya kurudi nilijiambia kwamba ningefungwa, na wewe huna mama, ungebaki na nani? Ilikuwa sababu ya kweli na bado ilikuwa woga. Mimi nimeishi na vyote viwili, na nakuambia sababu nzuri haipunguzi kitu usiku ukiwaza mikono ya mtu.

Fideli alitolewa baada ya siku kumi na moja. Hawezi kushika chaki tena. Tofali anaweza, kwa sababu tofali linashikwa na kiganja.

Sasa tazama nilichokifanya wiki iliyopita. Uliniletea fomu na karatasi nyeupe, ukasema waombaji wengine wanapeleka barua za mapadri na wakuu wa shule, na wewe unataka ya baba yako kwa sababu inazidi zote. Kwenye fomu, mahali pa kazi ya baba, umeandika kwa mkono wako, C.T. Ukaniangalia nikitia sahihi. Na mimi, baada ya Fideli, baada ya mama yako, nikaandika zile herufi mbili tena. Mkono ulienda wenyewe. Naandika haya nikiwa natamani kuukata.

Bahasha iko hapa karibu yangu. Nimeifungua mara nne tangu asubuhi. Ningeweza kuitoa barua yangu na kuichoma, usingejua mpaka Mbarara. Lakini ungeingia mle ndani na kusema kwa mdomo wako, kwa ile sauti yako ya kujivuna ninayoipenda, na Lisimo angekukazia macho. Kwa hiyo nimeirudisha.

Nimejaribu kukuambia kwa mdomo. Ijumaa ukisuka nywele nilianza, ukaniambia, "Sema, Sete wangu." Jana baada ya kupaliwa nilianza tena, ukaniletea maji. Sina mdomo wa jambo hili. Kila mtu hapa ameniita Sete kwa miaka kumi na mitatu, na nikifungua mdomo ni yeye anayesema.

Leo baada ya misa nilishuka bondeni kwa Fideli. Nilimkuta amekaa kwenye tofali zake, nikapiga magoti kwenye tope na suruali ya kanisani. Nilimwambia yote, ya kituoni na ya pombe. Hakushtuka. Alisema, "Najua. Siku ile nilikuonaka kwenye dirisha, ulikuwa unasema na askari. Nikasema, Mungu asifiwe, Sete amekuya. Kisha nikaona mugongo yako."

Nikamwomba msamaha. Akafuta mikono kwenye gunia.

"Haiko mimi njo wa kuombwa leo," akasema. "Mimi vidole vyangu viliisha kuharibika. Ule mutoto njo anaenda. Umwambie kabla hajafika pale. Na mara hii usibakie inje ya dirisha."

Sikujua amenisamehe au la, na bado sijui. Nimeamua kutomuuliza tena.

Basi nakuomba, Konso. Sikuamuru, sina haki hiyo leo. Chukua kalamu, zifute zile herufi mbili kwenye fomu yako wewe mwenyewe, uandike mchora vibao vya milango. Barua yangu ichane. Umesoma kwa akili yako, matokeo yako yako ndani ya bahasha na hakuna herufi ya uongo ndani yake, na hesabu alikufundisha Fideli. Mtaje Fideli. Lisimo akiuliza umepata wapi msingi mzuri hivyo, mtaje kwa jina lake lote, useme kinachofanyika na mikono yake sasa na kwa nini.

Sijui kama itatosha. Naogopa sana. Labda atasoma jina langu, atakumbuka maharagwe, atakuangalia kwa huruma. Labda tayari karani fulani amewaambia kwamba binti wa Sete anakuja, na mlango umeshafungwa. Nafasi hii haitarudi mwakani. Najua kinachowangojea wasichana wa hapa mwakani, jembe na posa, na mwanamume mmoja ameshanitumia mjomba wake. Nikiwaza kwamba utarudi hapa na jembe begani kwa sababu baba yako alitaka kukalia kiti, napata kizunguzungu na ubao unaanguka magotini. Umeanguka sasa hivi. Ndiyo maana mstari huu umeenda upande.

Na ukinichukia, nitaelewa. Ila usinichukie kesho. Nichukie keshokutwa mchana, ukishatoka kwenye chumba kile. Kesho unahitaji kichwa chako.

Niliacha kuandika kidogo, nimefanya kazi moja, na sasa nimerudi. Jua limefika kwenye mlango, utakuwa njiani.

Unakumbuka ile brashi uliyoikuta kwenye nyasi za paa mwaka wa kwanza, imefungwa kwenye kitambaa? Nilikuambia ilikuwa ya kupangusa vyombo vya maabara. Nimeishusha leo. Rangi nimeomba kwa mwenye duka wa hapa jirani aliyepaka mlango wake juzi, amenipa iliyobaki kwenye kopo. Nilidhani mkono umesahau. Haukusahau, na kwa nusu saa nzima haukutetemeka hata mara moja. Nimechora jina lako kwenye sanduku lako la safari, lote, Konsolata na jina la mama yako, kwa zile herufi nilizokuwa nawapakia maprofesa. Majirani watakapokuja jioni wataliona na wataniuliza nani amechora vizuri hivi. Nitawaambia. Nitawaambia mbele yako, kila mtu, kabla ya sala. Fideli nimemwalika, na ameniambia atakuja kusikiliza.

Mbele ya jina lako nimeacha nafasi tupu. Hayo ni mazoea ya kazi, kila kibao kilikuwa nayo. Pale pawe na herufi zitakazotoka kwako, na kama hazitakuja, jina limekaa vizuri hivyo hivyo, nimelipima.

Viatu vyangu viko mlangoni. Ukitaka, kesho napanda gari pamoja nawe, na keshokutwa naingia kwanza mimi, namwambia Lisimo ni mimi, Anastazi wa brashi, nimekuja kukwangua. Usipotaka, nitakusindikiza mpaka Rwekubo na kurudi. Huna haja ya kunijibu kwa maneno. Ukivichukua viatu ukaviweka karibu na sanduku lako, nitajua.

Nasikia sauti yako kwenye bomba la maji. Sanduku nimelisimamisha hapo mlangoni, na barua hii naiegemeza kando yake, uvione kabla ya kuniona mimi. Usiliguse, mama. Rangi bado mbichi.

Baba yako,
Anastazi